Mtandao, Ridhaa na Anwani: Uhakiki wa Istilahi za Mawasiliano kwa Kuzingatia Wilaya za Ngara na Biharamulo

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuzihakiki baadhi ya istilahi za Kiswahili zinazotumika katika simu za mkononi, katika intaneti na katika sheria zinazosimamia vyombo hivyo. Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba hatukusudii kuongeza orodha nyingine ya maneno mapya juu ya zile zilizokwisha kutolewa. Orodha si haba. Tunakusudia kuuliza swali ambalo orodha hazilijibu: je, neno likimfikia mwananchi humsaidia kuijua haki yake, au humfumba macho?

Kwa desturi istilahi hupimwa kwa vipimo vinne: ufupi wake, uwazi wake, kupatana kwake na sarufi, na kukubalika kwake kwa watumiaji. Vipimo hivyo ni vizuri wala hatuvikatai. Lakini viliwekwa katika zama ambazo istilahi nyingi zilikuwa za darasani na za maabara. Mwanafunzi asiyeelewa neno "usanidimwanga" alipoteza alama za mtihani, basi. Leo neno lililoandikwa juu ya kioo cha simu laweza kumpotezea mtu fedha zake, siri za nyumba yake, au hata uhuru wake. Kwa hiyo tunaona pana haja ya kipimo cha tano, nacho ni uadilifu wa neno. Yaani, kama neno linasema waziwazi ni nani anayetenda, anatenda nini, na anamtenda nani.

Tumechagua wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kwa sababu tatu. Kwanza, ni nchi ya mpakani na ya njia kuu. Ngara inapakana na Rwanda kwa upande wa Rusumo na Burundi kwa upande wa Kabanga. Na malori yaendayo nchi hizo hupita Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Mahali kama hapo simu ni chombo cha biashara, cha udugu na cha utambulisho kwa wakati mmoja. Pili, kwa wakazi wengi wa huko Kiswahili si lugha ya kwanza. Mhangaza na Mshubi wanazungumza lugha zilizo ndugu na Kirundi na Kinyarwanda. Biharamulo husikika pia Kizinza, Kisukuma na Kihaya. Istilahi inayomtaka msikilizaji awe na hisi za lugha za mtu wa Mrima au Unguja haitamfaa. Tatu, watu wa huko walijua uzito wa kuandikwa katika orodha kabla ya neno "data" kufika vijijini. Mwishoni mwa Aprili 1994 wakimbizi wapatao robo milioni walivuka Rusumo kwa muda wa takriban siku moja, na Benaco ikawa kambi kubwa. Kuandikwa kulikuwa ndiyo njia ya kupata chakula. Mwaka 2013, ilipofanyika Operesheni Kimbunga ya kuwaondoa wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, kuandikwa au kutoandikwa kukawa na maana nyingine kabisa. Kwa hiyo swali la nani ameandikwa wapi, na nani anayesoma orodha hiyo, si swali geni Ngara na Biharamulo.

2. Neno moja, mizigo saba

Tuanze na neno "mtandao". Kwa umbo ni neno zuri. Limetokana na kitenzi "tanda", na kila mtu amewahi kuona wingu likitanda au mfumaji akitanda nyuzi zake. Lina ufupi, lina uwazi, na watu wamelikubali bila kushurutishwa. Kwa vipimo vinne vya desturi limefaulu vizuri. Hata hivyo, hebu tutazame kazi linazofanyishwa:

(a) kampuni ya simu, kama mtu aulizapo, "Wewe uko mtandao gani?";
(b) mawimbi ya simu, kama asemapo, "Huku bondeni hakuna mtandao";
(c) intaneti, kama asemapo, "Nimesoma mtandaoni";
(d) majukwaa ya maongezi, yaani "mitandao ya kijamii";
(e) mfumo wa kompyuta wa ofisi au benki, kama mwananchi anapoambiwa dirishani, "Mtandao uko chini, njoo kesho";
(f) umoja wa asasi au vikundi vyenye shughuli moja;
(g) genge la wahalifu au la wanasiasa.

Si kosa kwa neno kuwa na maana nyingi. "Kaa" lina maana zake na "paa" lina zake, na Waswahili hawajapotezana kwa sababu hiyo. Tatizo linaanza neno hilo linapoingia katika sheria. Mwaka 2015 Bunge letu lilipitisha sheria ambayo tangu hapo imeitwa kwa Kiswahili "Sheria ya Makosa ya Mtandao". Ilianza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo. Sasa tumchukue kijana mwenye kibanda cha kuuza vocha pale Nyakanazi. Akijaribu kutuma picha na simu ikashindwa, huenda kioo kikamwandikia "kosa la mtandao". Akifungua redio jioni atasikia kwamba mtu amefikishwa mahakamani kwa "kosa la mtandao". Maneno ni yale yale. La kwanza ni hitilafu ya chombo, ambayo dawa yake ni kusubiri au kusogea mlimani. La pili ni jinai. Chini ya kifungu cha 16 cha sheria hiyo, adhabu ya kueneza habari za uongo iliwekwa kuwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Neno linaloweza kumaanisha kusubiri dakika tano na pia miaka 3 gerezani halijatimiza wajibu wake.

Katika sheria hiyo hiyo mna jambo jingine lililo zito zaidi. Sheria ilipopitishwa ilikuwa kwa Kiingereza, na kitendo kikuu kinachokatazwa katika kifungu tulichokitaja, kikigeuzwa kwa Kiswahili cha kawaida, huitwa "kuchapisha". Lakini kwa Mswahili, kuchapisha ni kazi ya kiwanda cha chapa: kuna karatasi, wino na mhariri. Mama wa Rulenge aliyeletewa ujumbe na mjomba wake, naye akaupeleka kwa kikundi chake cha kuweka na kukopa bila kuongeza hata nukta, hawezi kudhani kwamba "amechapisha". Kumbe sheria imelipa neno hilo tafsiri pana inayoingiza ndani yake kusambaza, kupeleka, kuonyesha na hata kunakili. Hapo ndipo tunapoona kwamba tafsiri iliyo sahihi kwa kamusi yaweza kuwa mtego kwa mwananchi. Anayesoma "usichapishe uongo" anajihesabu kuwa nje ya onyo hilo, na hali yumo ndani yake mara kumi kwa siku.

Wako watakaotujibu kwamba muktadha hutosha kumwelekeza msikilizaji. Katika maongezi ya kawaida jibu hilo ni la haki. Lakini kituo cha polisi na chumba cha mahakama si mahali pa kuachia muktadha. Tangu mwaka 2021, kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1, Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu na ya mashauri. Huo ni ushindi uliongojewa kwa muda mrefu. Lakini ushindi huo umeleta deni: zamani mwananchi aliposhindwa kuelewa sheria tulikilaumu Kiingereza, sasa akishindwa, hakuna wa kulaumiwa ila maneno yenyewe.

3. Umekatika au umekatwa?

Uhakiki wa istilahi usiishie kwenye nomino. Vitenzi navyo vina siri zake, na katika Kiswahili siri kubwa imo katika viambishi vya mnyambuliko.

Mwanafunzi wa sarufi anafundishwa mapema tofauti ya "kukatika" na "kukatwa". Kamba iliyokatika imechakaa yenyewe, hatuulizi nani. Kamba iliyokatwa ina mkataji, hata kama hakutajwa, na msikilizaji ana haki ya kuuliza ni nani. Tofauti hiyo haipo kwa wepesi huu katika lugha nyingi za ulimwengu. Ni mali ya Kiswahili na ndugu zake wa Kibantu. Mhangaza anayo, Msukuma anayo, Mhaya anayo. Basi inasikitisha kuona jinsi tunavyoitumia vibaya mali hiyo katika matangazo.

Matangazo mengi yanayomfikia mtumiaji wa simu yameandikwa kwa kauli ya kutendeka: "huduma haipatikani", "mawasiliano yamekatika", "laini haitumiki", "akaunti haifunguki". Katika dhoruba, pale radi inapopiga mnara, kauli hiyo ni ya kweli. Lakini tunalo jambo ambalo kila msomaji wetu analikumbuka. Siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, intaneti ilizimwa nchi nzima, na ikabaki hivyo kwa siku kadhaa. Miezi michache kabla yake, Mei 2025, mtandao wa X ulikuwa umezuiwa nchini. Na Septemba 2025 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ililisimamishia jukwaa la JamiiForums leseni yake kwa siku 90. Majirani zetu wa Uganda walizimiwa intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021. Hapa hatuingii katika mjadala wa kama hatua hizo zilistahili au hazikustahili. Mjadala huo una wenyewe na mahali pake. Sisi tunashika neno. Mtu aliyeandika au kutangaza kwamba siku zile "intaneti ilikatika" hakusema uongo wa wazi, lakini aliondoa mtendaji katika sentensi. Na mtendaji akiondoka katika sentensi, sababu, muda na mahali pa kukata rufaa vyote huondoka pamoja naye.

Katiba yetu, katika ibara ya 18, inampa kila mtu uhuru wa mawasiliano bila kuingiliwa, na inampa pia haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli zake. Haki ya pili haina maana ikiwa taarifa yenyewe imeandikwa kwa kauli inayomficha mtendaji. Mnyarwanda na Mtanzania wakutanapo sokoni Rusumo, mmoja simu yake inafanya kazi na mwingine haifanyi, wa pili huuliza kwa lugha nyepesi kabisa: "Nani amezima?" Swali hilo la mwananchi lina sarufi bora kuliko matangazo mengi.

4. Ruhusu, kubali, ridhia

Tuingie sasa ndani ya simu yenyewe. Simu nyingi za kisasa, zile ziitwazo simu janja, zina menyu ya Kiswahili, na waliofanya kazi ya kuitafsiri wanastahili shukrani. Miaka thelathini iliyopita hakuna aliyetazamia jambo hilo. Lakini shukrani hazizuii uhakiki.

Mwananchi anapoingiza programu mpya huulizwa kama "anaruhusu" programu hiyo "ifikie anwani zake". Katika Kiswahili cha shule, cha posta na cha serikali ya kijiji, anwani ni mahali pa kumpata mtu: sanduku la posta, mtaa, kitongoji. Mkulima wa kahawa wa Ngara anayeulizwa kuhusu anwani zake ataona kwamba hana la kuficha. Anwani yake inajulikana na kila mtu, na hata nyumba yake imekwisha kubandikwa namba. Atabonyeza "Ruhusu". Kumbe aliloulizwa ni kutoa namba na majina ya watu wote waliomo katika simu yake: mkwe wake, daktari wake, mwalimu wa mwanawe, mdeni wake na anayemdai.

Madhara yake yameonekana. Katika miaka ya karibuni ilizuka mikopo ya haraka ya kwenye simu, na wananchi, ambao katika kutunga istilahi hawashindwi, wakaunganisha baadhi yake na jina walilokwisha kulitunga la "kausha damu". Wakopeshaji wengine walichukua namba zote zilizomo katika simu ya mkopaji, na alipochelewa kulipa wakawatumia ndugu na jirani zake ujumbe wa kumfedhehesha. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Tunaamini kwamba leseni ni jambo kubwa. Lakini hata leseni haitamlinda mkopaji ambaye hakuelewa alichoulizwa. Aliulizwa habari za namba za watu. Alijibu habari za mahali. Hayo hayawezi kuitwa makubaliano.

Kitenzi "ruhusu" nacho kina walakini. Kuruhusu ni tendo la mwenye mamlaka kwa aliye chini yake: mwalimu humruhusu mwanafunzi kutoka. Neno hilo humfanya mtumiaji ajione bwana, na hali masharti yameandikwa na mwingine. "Kubali" nalo lina kasoro ya upande wa pili: mtu hukubali yaishe, hukubali matokeo, hukubali kushindwa. Kati ya hayo mawili lipo neno "ridhaa", ambalo halihitaji kufundishwa Ngara wala Biharamulo. Kila mzazi aliyewahi kukaa katika kikao cha posa anajua kwamba binti aliyenyamaza kwa hofu hajaridhia. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeitumia dhana hiyo hiyo ya hiari. Ridhaa hutoka moyoni, hutolewa kwa kujua, na hurudishwa moyo ukigeuka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeichagua istilahi hiyo, nayo imechagua vema. Ajabu ni kwamba sheria inasema "ridhaa" na simu inasema "ruhusu". Hivyo mwananchi anayebonyeza hajui kwamba tendo lake ndilo lile lililolindwa na sheria.

Hatuwezi kuacha kando msemo unaosomwa kwa haraka mwishoni mwa kila tangazo la simu: "Vigezo na masharti kuzingatiwa." Kigezo ni kipimo au kielelezo cha kulinganishia. Hakuna kigezo chochote katika maneno hayo. Yaliyomo ni masharti ya mkataba. Aidha, "kuzingatiwa" hakusemi na nani. Je, ni kampuni itakayoyazingatia, au ni mteja? Msemo huo una mlio wa sheria bila kuwa na maana ya sheria, na ndiyo sababu watu wameugeuza kuwa kichekesho. Neno la mkataba likisha kuwa kichekesho halimlindi mtu tena.

5. Lugha ya sheria mpya

Sheria ya mwaka 2022 tuliyoitaja ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa Aprili 2024. Kwa upande wa istilahi ni hatua kubwa mbele, nasi tunapenda kulisema hilo wazi kabla ya kutaja upungufu.

Neno "kuchakata" ni mfano wa istilahi iliyotungwa kwa akili. Mwananchi analijua kutoka katika mkonge na muhogo. Muhogo ukichakatwa haurudi kuwa muhogo. Unatoka unga, na unga huo waweza kupikwa na mtu asiyemjua mkulima. Ndivyo zilivyo taarifa za mtu: zikisha kuchakatwa hutoka kitu kipya, na hicho chaweza kutumiwa mbali na mwenyewe. Mkulima wa Biharamulo akielezwa hivyo hahitaji semina.

Neno "mhusika wa taarifa" nalo lina heri yake. Halisemi "raia", linasema mtu ambaye taarifa zinamhusu. Katika wilaya za mpakani jambo hilo ni zito. Mtu anayengoja uraia wake uhakikiwe, au mgeni aliyeingia kwa kibali, si raia machoni pa orodha, lakini alama zake za vidole zinamhusu yeye na si mwingine. Hata hivyo neno lenyewe ni baridi. "Mhusika" hutumika pia kwa watu wa kubuni katika riwaya na tamthilia, na katika lugha ya polisi huelekea kuwa mtuhumiwa. Tungependa kuona neno "mwenye taarifa" likishindanishwa nalo. "Mwenye" ni neno la kumiliki: mwenye shamba, mwenye nyumba, mwenye mji. Anayejiita mwenye taarifa atauliza kwa nini zimechukuliwa. Anayeitwa mhusika atangoja kuitwa.

"Taarifa" pia lina mzigo wake, kwa kuwa lina maana ya habari na ya ripoti: taarifa ya habari, taarifa ya mwaka. Mtu akisikia "taarifa binafsi" aweza kudhani ni habari za siri alizozisema yeye, na hali maana ni pamoja na namba yake, picha yake, ugonjwa wake na mahali alipolala jana. Hatupendekezi neno hilo liondolewe, limekwisha kukaa. Twapendekeza kwamba kila litumikapo kwa umma lifuatwe na mifano.

Usajili wa laini za simu unaonyesha umuhimu wa hayo yote. Kuanzia tarehe 1 Mei 2019 laini zilisajiliwa kwa alama za vidole pamoja na namba ya utambulisho wa taifa, na mwisho uliokuwa 31 Desemba 2019 ulisogezwa hadi 20 Januari 2020. Wananchi waliambiwa "hakiki laini yako". Kwa lugha hiyo kinachohakikiwa ni kadi ndogo ya plastiki. Kwa kweli aliyekuwa akihakikiwa ni mtu, kwa kidole chake, na kwa wilaya za mpakani mtu huyo alitakiwa kwanza kuthibitika kuwa ni raia ndipo apate namba. Asiye na namba hakupoteza mazungumzo tu. Alipoteza na mlango wa fedha zake, maana tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoanza nchini mwaka 2008, kwa watu wengi laini ndiyo benki. Neno dogo lilibeba jambo kubwa. Kwa upande mwingine, mwananchi akipiga *106# anaweza kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lake. Hiyo ni haki halisi, lakini imeenea kama namba tu. Haijapewa jina ambalo mtu angeweza kulidai kwalo.

Jirani zetu wa Kenya wana funzo la aina hiyo hiyo. Serikali yao iliuita mpango wa kuwaandikisha wananchi "Huduma Namba". Jina lilitaja kile ambacho mwananchi angepewa, si kile alichotakiwa kutoa. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilibatilisha utoaji wa kadi zake kwa sababu athari zake kwa taarifa za watu hazikuwa zimetathminiwa kwanza kama sheria yao ya mwaka 2019 ilivyotaka. Mahakama iliuliza swali ambalo jina lilikuwa limelifunika.

6. Hazina iliyo mlangoni

Mapokeo ya kazi yetu yanatutaka tutafute istilahi kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo twende mbali zaidi. Hatua ya pili hutajwa sana na kutendwa kidogo. Ngara ni mahali pazuri pa kuitenda.

Ng'ambo ya daraja la Rusumo, Kinyarwanda kimeyaita majukwaa ya kijamii "imbuga", yaani nyanja, mahali pa wazi pa watu kukutana. Na neno la kufungulia akaunti kimeliita "ijambobanga", neno la siri. Tulinganishe na yetu. "Mitandao ya kijamii" inaleta picha ya nyuzi, na aliyemo katika nyuzi aweza kuwa mvuvi au samaki. "Uwanja" unaleta picha ya watu wanaoonana. Mtu anajua kwamba alisemalo uwanjani limesikika na wote, na anajua pia kwamba uwanja ni wa umma, si wa mtu mmoja kuufunga apendavyo. Katika neno moja mna onyo na mna haki. Ama "nywila", istilahi inayopendekezwa kwa neno la siri, haina mzizi ambao msemaji wa kawaida anaweza kuukamata. Matokeo yake ni kwamba anayeombwa na tapeli "nywila" yake haoni hatari ambayo angeiona mara moja angeombwa "siri" yake.

Hatusemi kwamba kila neno la Kinyarwanda au Kihangaza liingizwe katika Kiswahili. Twasema kwamba tuna mahali pa kupimia. Radio Kwizera ilianzishwa Ngara mwaka 1995 na Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi, kwa ajili ya watu waliohitaji kuelewa upesi na bila kukosea. Hata jina lake ni neno la Kirundi na Kinyarwanda lenye maana ya kutumaini. Mtangazaji wa redio ya namna hiyo, anayelazimika kumweleza msikilizaji wa lugha nyingine kitu kwa Kiswahili kilicho wazi, hujua kabla ya kamati yoyote ni istilahi gani inapita na ipi inakwama.

7. Mapendekezo

Kwa kuzingatia tuliyoyaeleza, tunapendekeza yafuatayo:

(a) Neno "mtandao" liachiwe mawimbi na kampuni za simu. Intaneti iitwe "intaneti". Katika sheria itumike "jinai za kompyuta na intaneti", na kwenye kioo cha simu iandikwe "hitilafu ya mawasiliano".

(b) Katika sheria na mafunzo ya umma, tendo la kutoa habari kwa wengine liitwe "kueneza", ambalo linaingiza kuandika, kupeleka na kurudia. "Kuchapisha" kubaki kwa vitabu, magazeti na maandishi ya mtu mwenyewe.

(c) Orodha ya watu katika simu iitwe "daftari la namba". "Anwani" irudi kuwa anwani.

(d) Pale sheria inapotaka ridhaa, kioo kiseme "Naridhia" na "Siridhii", na kiseme namna ya kuiondoa ridhaa hiyo baadaye. "Vigezo na masharti kuzingatiwa" iondolewe, na mahali pake patajwe masharti yenyewe au mahali yanaposomwa.

(e) Tangazo lolote la kuzima, kuzuia au kufunga mawasiliano liandikwe kwa kauli ya kutendwa na limtaje mtendaji: imezimwa na nani, kwa sheria ipi, hadi lini, na malalamiko yapelekwe wapi. Kauli ya kutendeka itumike kwa hitilafu na maafa tu.

(f) "Neno la siri" lipewe nafasi ya kwanza mbele ya "nywila", na "mwenye taarifa" lijaribiwe sambamba na "mhusika wa taarifa".

(g) Istilahi zinazogusa haki za watu zisisanifiwe mpaka zimejaribiwa kwa wasemaji ambao Kiswahili ni lugha yao ya pili, katika wilaya kama hizi mbili.

8. Hitimisho

Yapo mengi ambayo hatukuyagusa: vishikwambi vilivyoenea kwa sensa ya Agosti 2022, "akili mnemba" na "akili unde" zinazoshindania dhana moja, na tozo za miamala za mwaka 2021 zilizowafundisha watu kutofautisha ada, kodi na tozo kuliko kitabu chochote cha uchumi. Kila moja lastahili makala yake.

Lakini kipimo chetu ni kile kile kwa yote. Minara inaendelea kujengwa, na simu inafika kila kitongoji. Pamoja na simu zinafika sentensi ambazo mwananchi hakuziandika, naye anatakiwa kuzijibu kwa kidole kimoja. Kazi ya istilahi ni kuhakikisha kwamba kidole hicho kinajua kinachogusa. Neno ambalo mkulima wa Rulenge hawezi kulitumia kumuuliza afisa swali la haki yake, hata likiwa fupi, sanifu na limepitishwa na kamati zote, kazi yake bado haijaisha, nasi tulirudishe mezani.